Fedha za Simoni

Somo letu la leo limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tangu mstari wa 9 hata wa 24. Kama Biblia iko karibu nawe, ifungue. Kama uko jikoni au shambani na mikono imejaa kazi, sikiliza tu, nami nitakisimulia kisa chenyewe polepole.

Palikuwa na mtu katika mji wa Samaria, jina lake Simoni. Kazi yake ilikuwa uchawi, wala si uchawi wa kujificha gizani. Huyu alikuwa na jina kubwa. Wadogo kwa wakubwa walimsikiliza, wakasema kwamba nguvu za Mungu zimekaa ndani yake. Kisha akafika Filipo, mkimbizi kutoka Yerusalemu baada ya Stefano kuuawa. Filipo huyu alikuwa mmoja wa wale saba waliochaguliwa kusimamia chakula cha wajane, mtu aliyezoea kushika mali ya kanisa bila kulalamikiwa. Akahubiri, wagonjwa wakapona, mji mzima ukafurahi. Simoni naye akaamini, akabatizwa, akawa haachani na Filipo hata kidogo.

Baadaye mitume wa Yerusalemu waliwatuma Petro na Yohana. Hao wakawaombea waumini wapya, wakawawekea mikono, nao wakapokea Roho Mtakatifu. Simoni alitazama yote hayo kwa makini, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Akaenda akachukua fedha, akawaletea mitume.

Ndugu yangu, angalia vizuri alichokiomba. Hakuomba Roho Mtakatifu kwa ajili ya nafsi yake. Hakuomba kuponywa wala kusamehewa. Aliomba awe na uwezo wa kumpa Roho kila mtu atakayemwekea mikono. Kwa maneno mengine, alitaka awe mgawaji. Mtu anayeomba namna hiyo tayari amekwisha piga hesabu ya wateja wake.

Wala tusimcheke upesi. Katika dunia ya siku zile jambo hili halikuwa la ajabu. Katika miji mingi ya Wayunani ukuhani wa miungu uliuzwa hadharani, mwenye kutoa bei kubwa akaupata. Huko Erythrae, mji uliokuwa katika pwani ya magharibi ya nchi tunayoiita leo Uturuki, limepatikana jiwe la karne ya tatu kabla ya Kristo lenye orodha ndefu ya nafasi za ukuhani zilizouzwa, kila moja na bei yake. Mnunuzi alijua kwamba fedha zake zitarudi, kwa maana waliokuja kutoa dhabihu walimwachia fungu la nyama na ada. Simoni alifanya alivyofundishwa na dunia yake. Hata sisi tunayo methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi, na katika vijiji vyetu tangu zamani hakuna aliyekwenda kwa mganga bila kitu. Simoni alidhani anaonyesha heshima.

Basi Petro akamjibu kwa ukali ambao haupatikani mara nyingi katika Agano Jipya. Alimwambia kwamba fedha zake na ziangamie pamoja naye, kwa kuwa alifikiri karama ya Mungu hupatikana kwa mali. Akamwambia hana fungu katika jambo lile, na kwamba moyo wake haukunyoka. Kisha, ndani ya ukali huo huo, akamfungulia mlango: tubu, umwombe Bwana.

Kumbuka pia kwamba Petro naye jina lake la kwanza lilikuwa Simoni. Akina Simoni wawili walikuwa wakitazamana siku ile, mmoja ana fedha mkononi, mwingine ana mikono mitupu. Kanisa limekuwa na kawaida ya kumtazama yule wa kwanza, hata likauita uovu huo kwa jina lake: usimoni, yaani kununua na kuuza mambo ya Roho. Mimi nimekuwa nikimfikiria zaidi yule wa pili. Mnunuzi hawezi kununua pasipo mwenye kuuza. Biashara ya Samaria haikufanyika kwa sababu mtu mmoja, aliyeweza kupokea, alikataa.

Mtakatifu Luka anaandika kitabu cha Matendo kama mtu anayefuata nyayo za fedha. Soma kitabu chote kwa jicho hilo, utashangaa. Katika sura ya kwanza tunasikia habari za shamba lililonunuliwa kwa ujira wa uovu wa Yuda. Katika sura ya tatu Petro anamwambia kilema wa Mlango Mzuri kwamba hana fedha wala dhahabu, kisha anamwinua kwa jina la Yesu. Katika ya nne Barnaba anauza shamba na kuweka bei yake miguuni pa mitume. Ona, basi, kwamba mitume hawakukosa fedha za kushika. Zilipita mbele yao nyingi, zikaenda kwa wenye shida. Katika ya tano Anania na Safira wanaficha. Huko Filipi, sura ya 16, mabwana wa kijakazi mwenye pepo wa uaguzi wanakasirika, si kwa sababu pepo ametoka, bali kwa sababu tumaini la faida yao limetoka pamoja naye. Huko Efeso, sura ya 19, waliotubu walichoma vitabu vyao vya uchawi, na thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande 50,000 vya fedha. Tukikisia kwamba kipande kimoja kilikuwa kama ujira wa siku moja wa kibarua, mtu mmoja angefanya kazi zaidi ya miaka 130, bila kupumzika hata Jumapili, ili apate kununua moto ule. Mwishoni Feliki, liwali wa Kirumi, anamwita Paulo mara kwa mara kuzungumza naye juu ya imani, akitumaini kwamba atapewa fedha. Jambo moja linajirudia humo: Roho anapofika mahali, fedha huanza kutembea. Kwa wengine hutoka mfukoni kwenda kwa maskini au motoni. Kwa wengine hutaka kuingia mfukoni.

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Neno karama ni ndugu wa karimu, na ukarimu, na karamu. Yote ni ya ukoo mmoja, na ni ukoo wa kutoa. Mwenye karamu hawalipishi wageni. Akisimama mlangoni na kudai shilingi, sisi sote tutajua kwamba ile si karamu tena, ni hoteli. Na hoteli si kitu kibaya, lakini asiniandikie kadi ya mwaliko.

Je, basi kasisi asile? Hapana, hilo silo neno la Maandiko. Bwana wetu alisema mtenda kazi anastahili ujira wake. Paulo anawaeleza Wakorintho kwa urefu kwamba anayehubiri Injili ana haki ya kuishi kwa Injili. Yeye mwenyewe huko Korintho aliiacha haki hiyo, akashona mahema pamoja na Akila na Prisila, lakini kutoka kwa Wafilipi alipokea msaada na kushukuru. Tena katika Warumi sura ya 12, anapozitaja karama, anaweka kukirimu katika orodha ile ile pamoja na unabii na kufundisha. Mkristo anayetoa mali yake kwa furaha ana karama ya Roho kama anayehubiri. Tofauti iko hapa: kumlisha mhubiri ili ahubiri ni jambo moja, na kumlipa ili baraka ikushukie ni jambo jingine. Katika lile la kwanza mwenye njaa analishwa. Katika la pili Mungu anapangiwa bei.

Tofauti hiyo ni nyembamba, na Wakristo wa kwanza waliiona. Kuna kitabu kidogo cha kale sana kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi mpaka mwaka wa 1873, Philotheos Bryennios, mwalimu wa Kanisa la Kiorthodoksi, alipokikuta Konstantinopoli katika kitabu kilichonakiliwa kwa mkono mwaka wa 1056. Akakichapisha mwaka wa 1883. Watu wengi wenye elimu wanaona kwamba kiliandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Ndani yake makanisa madogo ya vijijini yanaelekezwa namna ya kuwatambua wahubiri wanaotembea. Mhubiri apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, ikihitajika siku mbili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Aondokapo apewe mkate wa kumfikisha kituo kinachofuata. Akiomba fedha, ni wa uongo. Na nabii akisema, kana kwamba ni Roho anayenena, apewe fedha, asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu yeyote asimhukumu. Wakati huo huo kitabu hicho kinaagiza kwamba nabii wa kweli anayetaka kukaa nao apewe malimbuko ya shamba na mifugo, na kama kanisa halina nabii, malimbuko hayo wapewe maskini. Nakipenda kitabu hiki kwa kuwa kiliandikwa na watu waliokwisha danganywa, wala hawakuacha kuwa wakarimu kwa sababu hiyo.

Hayo yalikuwa makanisa maskini. Baada ya wafalme wa Kirumi kuukubali Ukristo, uaskofu ukawa na heshima, ukawa na mashamba, na hapo Simoni akarudi na mfuko mkubwa zaidi. Mnamo mwaka wa 451 maaskofu walikutana Kalkedoni, ng'ambo ya bahari kutoka Konstantinopoli, mahali ambapo sasa ni sehemu ya jiji la Istanbul. Tunalikumbuka baraza hilo kwa fundisho lake juu ya Kristo, Mungu kweli na mwanadamu kweli. Wachache wanakumbuka kwamba kanuni yake ya pili ilikataza askofu kumwekea mtu mikono kwa fedha na kuiuza neema isiyoweza kuuzwa. Aliyeuza aliwekwa katika hatari ya kupoteza cheo chake, na aliyenunua asipate faida yoyote ya alichonunua. Hata dalali aliyekwenda kati yao alihesabiwa kuwa na hatia. Sheria haitaji madalali kama hawapo.

Mtu aliyeliona jambo hili kwa ndani kuliko wote ni Gregory, askofu wa Roma tangu mwaka wa 590 hata wa 604. Alifundisha kwamba malipo ni ya namna tatu. Yako malipo ya mkono, ambayo ni fedha. Yako malipo ya utumishi, mtu anapomtumikia mkubwa ili baadaye apewe cheo. Na yako malipo ya ulimi, ambayo ni sifa. Nikisoma hayo huwa najiuliza ni wangapi kati yetu makasisi wangebaki wamesimama tukipimwa kwa vipimo vyote vitatu. Fedha sikuzitoa ili niwekewe mikono. Lakini masifu kwa wakubwa, na kubeba mikoba yao, ni nani atakayehesabu?

Kufika karne ya kumi na moja ugonjwa ulikuwa umeenea Ulaya yote. Mwaka wa 1059 mtawa mmoja mwenye elimu, Peter Damian, alitumwa Milan pamoja na askofu wa Lucca kuchunguza mambo ya kanisa huko. Aliloliona lilimtisha. Katika makasisi wale wengi, kwa shida angepatikana mmoja aliyewekewa mikono bure. Palikuwa na bei iliyojulikana kwa kila daraja: shemasi kiasi fulani, kasisi kiasi fulani. Wengi hawakudhani kwamba wametenda dhambi. Walilipa kama mtu anavyolipa ada ofisini, kwa maana baba zao walilipa vivyo hivyo. Damian aliwapa toba, na askofu mkuu wao akaapa kuiacha desturi ile.

Likazuka swali zito. Kama kasisi alinunua ukasisi wake, je, ubatizo alioutoa ni ubatizo? Maskini aliyepokea Meza ya Bwana mikononi mwake alipokea nini? Wako waliosema hakupokea kitu. Damian alikataa. Alifundisha kwamba mtoaji ni Kristo mwenyewe, na mkono mchafu wa mtumishi hauwezi kumzuia. Naona hapo neno la faraja kubwa. Mlaghai anaweza kukuibia fedha, lakini hawezi kukuibia Mungu.

Na huko Roma kwenyewe, mwaka wa 1045, Papa Benedict IX, mtu aliyejulikana kwa maisha mabaya, alikiachia kiti chake kwa fedha. Aliyetoa fedha alikuwa kasisi mzee, baba yake wa ubatizo, aliyeitwa John Gratian, akawa Papa Gregory VI. Hapa historia inatuumiza, kwa sababu watu wema walimshangilia. Ilionekana kwamba amelipa ili kumwondoa mwovu na kulisafisha kanisa. Mwaka uliofuata mfalme Henry III wa Ujerumani alikuja, na katika baraza la Sutri, Desemba 1046, mzee huyo aliondolewa kwa kosa la usimoni, akapelekwa Ujerumani, akafia uhamishoni. Nia yake huenda ilikuwa njema. Nimewasikia wazee wa kanisa wenye nia njema wakisema, katika uchaguzi wa mambo yetu, tutoe kidogo mara hii tu ili mtu mbaya asipite.

Habari za mwaka wa 1517 mnazijua, nitazipita haraka. Albrecht wa Brandenburg alikuwa askofu mkuu wa Magdeburg, akataka na Mainz pia. Gharama za kuruhusiwa Roma zilikuwa kubwa, akakopa kwa akina Fugger, matajiri wa Augsburg. Ili deni lilipwe, vyeti vya msamaha vikahubiriwa katika nchi zake. Nusu ya fedha ilikwenda kujenga kanisa la Petro huko Roma, nusu ikalipa deni, na wawakilishi wa akina Fugger walisafiri pamoja na wahubiri ili kulihesabu sanduku. Maagizo yenyewe yaliwapangia watu kiwango kwa cheo chao, wafalme na maaskofu wakuu sarafu 25 za dhahabu, na kushuka hivyo. Tuseme kweli yote: maagizo yale yalisema asiye na kitu asikataliwe, aombe na kufunga. Lakini mhubiri Johann Tetzel alipopita karibu na Wittenberg, watu wa Martin Luther walirudi na vyeti, si na toba. Kanisa lililojengwa kwa fedha zile lina jina la Petro, yule aliyesema hana fedha wala dhahabu.

Sasa, ndugu Waprotestanti, msiketi vizuri sana. Mimi ni mtu wa Kanisa la Anglikana, na nyumba yetu nayo ina masizi. Huko Uingereza haki ya kumteua kasisi wa parokia ilikuwa mali kama shamba. Ilirithiwa, ikawekwa rehani, ikauzwa. Bunge lilitunga sheria dhidi ya usimoni mwaka wa 1589, na kanuni za kanisa za mwaka wa 1604 zilimtaka kila kasisi aape kwamba hakutoa fedha ili apate parokia yake. Hata hivyo mlango wa nyuma uliachwa wazi. Kosa lilikuwa kuinunua nafasi iliyo tupu. Kuinunua haki ya kuteua wakati kasisi aliyepo yu hai, sheria iliruhusu. Ndiyo maana matangazo ya biashara hiyo magazetini katika karne ya 19 yalitaja umri wa kasisi aliyepo, ili mnunuzi akisie atangoja muda gani kabla ya mazishi. Tena katika makanisa mengi mabenchi yalikodishwa kwa mwaka, wenye nafasi wakaketi mbele, maskini wakasimama nyuma. Bunge liliubana mno mnada huo mwaka wa 1898, na sheria nyingine ya 1923 ikaanza kuumaliza.

Hesabu miaka, ndugu. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, ametumwa na chama cha CMS cha kanisa hilo hilo. Injili iliyotufikia ilitoka katika nyumba ambamo viti vilikodishwa na parokia zilitangazwa magazetini. Lakini katika nyumba hiyo hiyo alikuwamo Henry Venn, katibu wa CMS tangu 1841 kwa miaka thelathini hivi, aliyefundisha kwamba kanisa la Afrika na lijitegemee, lijitawale na kujieneza. Alitaka Mkristo wa hapa amlishe mchungaji wake mwenyewe. Mambo hayo mawili yaliingia bandarini kwa meli moja.

Na ulipofika Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini katika nchi ya Rwanda na kufika Kabete mwaka wa 1937, fedha zilianza kutembea tena kama zile za Efeso. Watu walirudisha mali za wizi. Walilipa madeni yaliyosahauliwa. Nyanya yangu, aliyekuwa katika ushirika huo, alitusimulia jinsi mtu alivyofika nyumbani kwao amebeba jembe aliloliiba miaka mingi nyuma, hata mwenyewe alikuwa amekwisha lisahau. Hakuna aliyelipa apate kutubu. Kutubu ndiko kulikomtoa mtu fedha.

Siku hizi tunafundishwa njia nyingine. Mhubiri Oral Roberts wa Marekani alieneza sana mafundisho ya imani ya mbegu, na mwaka wa 1970 alitoa kitabu juu yake: mtu atoe kwanza, kisha atarajie muujiza. Mafundisho hayo yamefika kwetu, yakaota mizizi. Tunaona namba ya kutuma fedha ikipita chini ya picha wakati mgonjwa anaombewa. Tunasikia bei za mbegu zikitajwa: mbegu ya kazi, mbegu ya ndoa, mbegu ya viza. Mhubiri mwingine wa huko, Jim Bakker, alihukumiwa mwaka wa 1989 kwa kuwalaghai waliomchangia. Akiwa gerezani aliisoma Biblia upya, na mwaka wa 1996 akatoa kitabu chenye jina la kukiri kwamba alikosea. Namheshimu kwa hilo. Si wengi kati yetu wanaochapisha kitabu cha namna hiyo.

Nami nina ukurasa wangu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ukasisi, mama mmoja alinijia na mwanawe mwenye kifafa. Alikuwa ametoka mahali pengine pa maombi, ambako aliambiwa imani yake haijatoa kitu. Niliomba pamoja naye. Tulipomaliza alifungua fundo la leso, akaniwekea mkononi shilingi mia tano. Ningeweza kumrudishia. Nilisema moyoni, hii ni sadaka, na kumkatalia ni kumvunja moyo. Lakini sikuiandika katika kitabu cha sadaka. Niliitumia kwa mafuta ya pikipiki, nikaona ni sawa, kwa maana pikipiki ilikuwa ya kazi ya Bwana.

Baada ya majuma mawili alirudi. Mtoto alikuwa ameanguka tena. Mama yule alisimama mlangoni, akatoa shilingi mia mbili nyingine, akaniomba msamaha. Alisema pengine zile za kwanza zilikuwa kidogo. Baadaye mzee wa kanisa aliniambia kwamba alikuwa ameuza kuku wake.

Ndugu zangu, sikumtajia mama yule bei yoyote. Sikuhubiri mbegu. Nilipokea tu, na kule kupokea kukamfundisha theolojia yote ya Tetzel bila mimi kufungua kinywa. Nilikwenda kwake na shilingi mia tano, nikazirudisha mbele ya mama mkwe wake, pamoja na zile mia mbili, nikamwambia nilikosa. Hakufurahi. Aliogopa, akadhani namrudishia na maombi pia. Ilichukua muda mrefu, na safari kadhaa za kliniki ya kifafa pamoja naye, kabla hajakubali kuombewa akiwa na mikono mitupu.

Tumrudie Simoni. Watu wa baadaye walimwandikia mwisho mbaya. Justin Martyr, mwenyeji wa nchi ya Samaria, aliandika mnamo mwaka wa 155 kwamba Simoni alikwenda Roma, na kwamba Warumi walimsimamishia sanamu katika kisiwa cha mto Tiber, yenye maandishi ya kumwita mungu. Mwaka wa 1574 jiwe lilichimbuliwa katika kisiwa hicho, na jina lililoandikwa juu yake ni Semo, mungu wa kale wa watu wa huko. Huenda Justin alisoma vibaya. Wengine walisimulia kwamba Simoni aliruka angani, Petro akaomba, akaanguka. Mimi naona heri kubaki na Luka. Luka anamwacha Simoni amesimama mbele ya Petro, akiwaomba mitume wamwombee kwa Bwana. Hajatuambia kama alilia, wala fedha zile alizifanyia nini. Anasema tu kwamba mitume wakarudi Yerusalemu, wakihubiri Injili njiani katika vijiji vingi vya Wasamaria.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaisoma sehemu inayobaki ya sura hii, na tutamfuata Filipo katika barabara ya jangwani iendayo Gaza. Huko atakutana na mtu wa Kushi amepanda gari lake, anasoma kitabu cha Isaya. Naye pia ni mtu wa fedha: ndiye mtunza hazina yote ya malkia wake.